Anayewatafutia wengine kazi: mhitimu wa sanaa ndani ya ofisi ya wakala wa ajira

Mwezi uliopita mama mmoja wa Buhongwa alipiga simu studio tukiwa katikati ya mada ya nauli za daladala. Akaomba radhi, akasema yake hayahusu nauli. Kijana wake alihitimu chuo kikuu, shahada ya sanaa, Historia na Kiswahili, akakaa nyumbani mwaka na nusu. Sasa amepata kazi.

"Hongera sana, mama," nikamwambia.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Kazi yenyewe ni ya kuwatafutia watu kazi. Kama anajua zinakopatikana, mbona asijitafutie yeye?"

Fundi mitambo wetu alicheka hadi akachelewa kuingiza tangazo. Lakini baada ya kipindi ujumbe uliendelea kumiminika kwenye simu ya studio, na mwingi haukuwa wa utani. Msikilizaji wa Sengerema aliuliza kama ni kweli wakala anaruhusiwa kudai pesa ya fomu. Mwingine, aliyesoma Sosholojia, alisema ameitwa kwenye usaili wa kazi hiyohiyo ya uwakala na hajui aulize nini. Wa tatu aliandika neno moja tu: "Udalali."

Nilimwahidi mama yule kwamba nitaandika. Tangu siku hiyo nimezungumza na watu wanne wanaofanya kazi hii, hapa Mwanza na Dar es Salaam, wote wenye digrii za sanaa, na wote wameomba majina yao yasitajwe kwa sababu bado wanauhitaji mshahara wao. Nimesoma na sheria. Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe sina digrii, nina cheti cha utangazaji, na niliwahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo. Nitafika huko.

Kazi yenyewe ni ipi?

Majina ni mengi: ofisa uajiri, mshauri wa ajira, mtafuta vipaji. Shughuli ni moja. Kampuni inahitaji mtu, tuseme mhasibu, msimamizi wa mauzo au ofisa mikopo, na haina muda wa kusoma barua mia tano, au haitaki foleni ya waombaji getini. Inampa wakala kazi ya kumtafuta. Wakala anatangaza nafasi, anapokea wasifu wa waombaji, anauchambua, anawapigia simu anaoona wanafaa, anafanya usaili wa kwanza, anazungumza na wadhamini waliotajwa, kisha anapeleka majina matatu au manne kwa mwajiri. Mwajiri akichagua mmoja, wakala analipwa.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine haimo kwenye tangazo linalomvuta mhitimu. Kabla ya kutafuta watu ni lazima utafute waajiri. Asubuhi yote unapiga simu kwa mameneja wasiokujua, unajitambulisha, unaambiwa bosi yuko kikaoni, unapiga tena kesho, yuko kikaoni. Dada mmoja niliyezungumza naye alisema wiki yake ya kwanza alidhani amekuja kufanya kazi ya rasilimali watu, kufika Ijumaa akagundua yeye ni muuzaji. Ana lengo la mwezi kama muuzaji wa soda, tofauti ni kwamba kreti zake zinaongea.

Mteja ni nani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, waombaji kwa maofisa wapya. Mwombaji akiingia kwenye ofisi ya wakala, akapewa kiti na maji ya kunywa, akaulizwa anataka kufika wapi maishani, huamini amepata mtu wa kumpigania. Hajampata. Mteja ni mwajiri, kwa kuwa ankara inakwenda kwake. Mwombaji, samahani kwa neno hili, ni mali iliyo dukani. Ofisa anaweza kumhurumia kweli, anaweza hata kumsaidia kupanga wasifu wake vizuri, lakini hawezi kutengeneza nafasi ambayo hakuna mwajiri aliyeiomba.

Malipo ya wakala hupangwa kwa mkataba, na mara nyingi huhesabiwa kutokana na mshahara wa mtu aliyepatikana: mshahara wa mwezi mmoja, au asilimia fulani ya mshahara wa mwaka. Tuchukue mfano. Nafasi ni ya msimamizi wa mauzo, mshahara shilingi 900,000 kwa mwezi, na makubaliano ni mshahara wa mwezi mmoja. Kampuni ya uwakala inaingiza 900,000. Ofisa aliyempata mtu huyo, kama mkataba wake unampa kamisheni ya asilimia 10, anapata 90,000. Mwajiri akibadili mawazo, au wiki ya tatu akampata mtu kupitia shemeji yake, hakuna anayelipwa, ingawa simu zimeshapigwa na vocha imeshaisha.

Kuna na dhamana. Mawakala wengi huwaahidi waajiri kwamba mtu akiondoka mapema, mathalani ndani ya miezi mitatu, watamtafuta mwingine bila malipo. Kaka mmoja aliniambia kila Jumatatu huwapigia simu aliowapeleka kazini mwezi uliotangulia, kuwajulia hali. Nikamsifu. Akacheka, akasema nusu ya upendo huo ni dhamana.

Sasa weka hilo pembeni ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkinga mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, lakini kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi kwa chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Maana yake ni kwamba mtu akisukumwa kwenye nafasi isiyomfaa ili lengo la mwezi litimie, mwajiri ana dhamana, wakala ana biashara ya kuendelea, na aliyeacha kibarua chake cha zamani ili ahamie huko ndiye anayebaki mikono mitupu.

Digrii ya sanaa inaingia wapi?

Wanaosoma HKL na HGL kidato cha tano wanakijua kibao walichopewa tangu siku ya kwanza: "Utakuwa mwalimu." Kwa miaka mingi lilikuwa jibu la kweli. Mtoto anasoma Historia, Kiswahili, Kiingereza, anakwenda chuo, anapangiwa shule, maisha yanaanza. Mlango huo umekuwa mwembamba. Katika ajira za ualimu serikalini walimu wa sayansi na hisabati wamekuwa wakitangulizwa, na wa sanaa wamebaki kwenye foleni ndefu ya Ajira Portal. Aliyesoma Sosholojia, Sayansi ya Siasa, Isimu au Fasihi bila ualimu hata foleni hiyo haimhusu sana. Ndiyo maana tangazo lisemalo "digrii ya fani yoyote, anayejua kuwasiliana na watu" linawakusanya wao kwanza. Uingereza pia ofisi za uajiri zimekuwa kwa muda mrefu mlango wa wahitimu wa fani yoyote, kwa hiyo aliyesoma historia kuishia kwenye kazi hii si jambo la kwetu peke yetu.

Swali la mama wa Buhongwa lilikuwa na dhana ndani yake, kwamba kijana ameshindwa akaangukia hapo. Nilikuwa na dhana hiyohiyo. Imepungua baada ya mazungumzo haya, na nitaeleza kwa nini.

Wasifu wa mtu ni maandishi kama maandishi mengine ya kale. Una mwandishi, mwandishi ana lengo, na kuna mambo aliyoyaacha makusudi. Aliyesoma Historia amefundishwa kuuliza: nani ameandika, lini, kwa ajili ya nani, na nini hakimo? Dada wa Dar es Salaam alinieleza jinsi alivyomgundua mwombaji aliyeandika kwamba alikuwa meneja wa tawi kuanzia 2015, wakati kwenye ukurasa uleule cheti chake cha kidato cha sita kilikuwa cha 2016. Hakumwita mwongo. Alimpigia simu, akamwomba amsimulie miaka hiyo miwili taratibu. Ikaonekana alikuwa keshia wa duka la mjomba wake na mjomba alikuwa akisafiri mara kwa mara. Akamshauri aandike hivyo hivyo. Ukeshia wenye funguo za duka ni sifa tosha, alimwambia.

Uhakiki wa namna hiyo si jambo dogo katika nchi hii. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo hata waajiri binafsi wamekuwa wakali zaidi kwa karatasi. Ukali huo una hasara yake pia: mtu ambaye jina lake limeandikwa Elizabeth kwenye cheti kimoja na Elizabeti kwenye kingine anaweza kutupwa nje na mtu mvivu. Anayejua namna majina yalivyoandikwa shuleni, kanisani na hospitalini vijijini kwetu ataomba kiapo cha majina kabla ya kumtupa.

Kisha kuna lugha, na hapa naongea kama mtu ninayeishi kwa mdomo. Usaili mwingi hufanywa kwa Kiingereza hata kama kazi yenyewe ni ya kuzunguka Kirumba na Igoma ukizungumza Kiswahili na Kisukuma kutwa nzima. Mtu anaingia, anaulizwa ajieleze kwa Kiingereza, anajikwaa, anatoka jasho, jina lake linakatwa. Kaka niliyemtaja, ambaye shahada yake ni ya Kiswahili, hufanya usaili mara mbili kwa kikao kimoja. Anaanza kwa Kiingereza kwa sababu mwajiri atauliza, kisha anafunga daftari, anasema, "Haya, sasa niambie kazi yako ya mwisho ilikuwaje," na kuanzia hapo ndipo anapoandika. Anasema watu wawili kati ya aliowapeleka kwa namna hiyo sasa ni viongozi wa timu zao. Mtu aliyesoma isimu anajua kwamba ufasaha wa lugha moja na uwezo wa kufikiri ni vitu viwili. Wengi wetu tunakijua hicho nyumbani, tukifika kwenye meza ya usaili tunakisahau.

Na kuna vimemo. Kila ofisi ya kuajiri inavipokea: "Huyu ni kijana wetu, mwangalie." Hakuna chuo kinachofundisha kumjibu mtu mkubwa bila kumvunjia heshima na bila kukubali. Ila aliyesoma sosholojia, dada mmoja aliniambia, walau anajua kwamba anachokiona kina jina na kina historia, na haoni aibu kukiandika kwenye daftari la ofisi pamoja na tarehe.

Hesabu ya mwisho wa mwezi

Turudi kwenye shilingi, maana sifa zote hizo hazilipi kodi ya nyumba. Wengi huanza na mshahara mdogo na ahadi kubwa ya kamisheni. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo afanye hesabu hii kabla ya kusaini. Tuseme mshahara wa msingi ni 500,000. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni 50,000. Kinachobaki ni 450,000, na kodi ya mapato inatozwa kwenye kile kinachozidi 270,000, yaani asilimia 8 ya 180,000, ambayo ni 14,400. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 75,000. Mkononi zinabaki 360,600. Hapo hujala, hujapanda daladala ya Malimbe hadi mjini, na hujanunua vocha, kama ofisi haikupi.

Sasa kamisheni ya 90,000 tuliyoiona juu inaonekana kwa rangi nyingine. Haitoki kila mwezi, nayo ikitoka inakatwa kodi. Ukiwapata watu wawili mwezi huu, umeokoka. Mwezi ujao ukipita bila kumpata hata mmoja, unarudi kwenye 360,600. Mtu aliye kwenye hali hiyo akipigiwa simu na mwajiri mwenye sharti la ajabu, hasikilizi kwa masikio ya mtu aliyeshiba.

Mstari wa sheria, na anayeukanyaga

Masharti ya ajabu yapo. Haya ndiyo waliyonisimulia wote wanne, kila mmoja kwa maneno yake: mwajiri anampigia ofisa simu, kwa simu tu na si kwa barua pepe, anasema anataka binti, asiwe ameolewa, asiwe na mtoto mdogo, asizidi miaka 27. Mwingine anataja kabila asilolitaka. Mwingine dini.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja kwa misingi inayojumuisha kabila au mahali mtu anakotoka, rangi, dini, mtazamo wa kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU na Ukimwi, na umri. Inaruhusiwa pale sifa hiyo inapokuwa hitaji la msingi la kazi yenyewe. Na kwa madhumuni ya kifungu hicho, neno "mwajiri" linamjumuisha wakala wa ajira. Narudia kwa sababu maofisa wawili kati ya wanne hawakulijua hilo hadi nilipowasomea: ofisa hawezi kusema "nimetumwa na mteja". Yeye naye yumo.

Hufanya nini, basi? Wengi hawaandiki sharti hilo kwenye tangazo. Wanachuja kimyakimya, na binti aliyekatwa hatajua kamwe kwa nini simu haikulia. Hapo ndipo sheria inapokosa meno, kwa kuwa hakuna karatasi.

Dada wa Dar es Salaam amepata njia yake. Kabla ya kupeleka wasifu kwa mwajiri anaondoa picha, hali ya ndoa, dini na idadi ya watoto, kwa waombaji wote bila kuchagua. Mwaka jana mwajiri mmoja alipokea majina matano kutoka kwake, akapiga simu kuuliza ni wangapi kati yao wana watoto.

"Hilo sikuwauliza, bosi."

"Si nilikwambia?"

"Ulinitajia, bosi. Lakini haliwahusu kwa kazi hii."

Mwajiri alihamia kwa wakala mwingine. Lengo la mwezi ule halikutimia, na meneja wake alimwita ofisini. Hakufukuzwa. Aliniambia kilichomuuma ni kwamba meneja hakumwambia amekosea wala amepatia, alimwambia tu ajifunze "kumsoma mteja".

Jambo la pili la kisheria ni pesa ya mwombaji, na hili ndilo msikilizaji wa Sengerema alilouliza. Uwakala binafsi wa ajira Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Taifa ya Huduma za Kukuza Ajira ya 1999 pamoja na kanuni za mawakala binafsi za 2014. Wakala ni lazima awe na leseni, na hatakiwi kumtoza anayetafuta kazi ada kwa huduma hiyo. Kanuni hizohizo zilikuja kuzuia ule mtindo ambao wakala alikuwa anamwajiri mtu kwa jina lake halafu anamkodisha kwa kampuni nyingine miaka nenda miaka rudi. Msimamo wa kutomtoza mtafuta kazi umo pia kwenye Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997, na Uingereza wameuweka kwenye sheria yao ya mawakala tangu 1973, ukiacha fani chache kama za maonesho na mitindo.

Kwa hiyo elfu ishirini ya fomu, elfu kumi ya usajili, elfu tano ya kufungua faili, hapana. Unaombwa kutuma kwenye namba ya mtu binafsi? Huyo ni kishoka. Kwa kazi za serikali ndiyo usiseme: maombi kupitia Sekretarieti ya Ajira hayalipiwi.

Niliahidi kufika kwenye yangu. Kabla sijaingia redioni nililipa shilingi 15,000 kwa wakala mmoja kwenye ghorofa ya pili ya jengo la katikati ya mji. Nilikuwa nimekopa 10,000 kwa dada yangu. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole, alisoma wasifu wangu wote, akaniambia sauti yangu ni nzuri, niende mapokezi au redioni. Nikaandikiwa risiti ya mkono. Nilirudi mara tatu. Mara ya nne mlango ulikuwa na kufuli na karatasi ya mpangaji mpya. Kwa miaka nilimkasirikia yule kijana mpole. Sasa najiuliza kama na yeye hakuwa mhitimu tu aliyeambiwa asubuhi ile kwamba mshahara wake utatoka kwenye zile elfu kumi na tano. Hilo halinirudishii pesa, na halimwondolei kosa, lakini linanionesha kosa lilianzia ghorofa gani.

Tatu ni taarifa zako. Wasifu una namba ya simu, anwani, tarehe ya kuzaliwa, wakati mwingine namba ya NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azitumie kwa lengo alilokuambia. Ofisa anayehama kampuni na kubeba orodha ya waombaji kwenye simu yake, au anayewarushia wengine wasifu wako kwenye kundi la WhatsApp, anagusa sheria hiyo. Nilipowauliza, wote wanne walikaa kimya kidogo.

Kuhusu lile neno "udalali"

Aliyeandika neno hilo hakukosea sana. Aliyesoma historia ya Tanganyika anawakumbuka manamba waliopelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua. Kusini, shirika la migodi ya Afrika Kusini lililojulikana kama WENELA lilikuja kuchukua vijana. Mawakala waliotafuta vibarua enzi zile walilipwa kwa idadi ya vichwa walivyoleta. Mtu anayelipwa kwa kichwa hana sababu kubwa ya kumwambia kijana ukweli kuhusu anakokwenda.

Nilimuuliza yule kaka wa Kiswahili kama analiona hilo. Akasema analiona kila mwisho wa mwezi. Analiona zaidi, alisema, kwa wenzake wanaopeleka wasichana wa kazi za ndani Uarabuni, ambako mtu akidanganywa kuhusu mshahara au saa za kazi hawezi kupanda basi akarudi kwao. Lakini akaongeza kwamba afadhali kwenye kiti kile akae mtu anayeijua historia hiyo kuliko asiyeijua. Sina hakika kama ujuzi peke yake unatosha pale mshahara unapotegemea kamisheni. Nilimwambia hivyo. Akakubali nusu.

Maswali ya kijana wa Sosholojia

Aliyeitwa kwenye usaili aliomba msaada, nami siwezi kumwacha hivihivi. Waulize leseni ya wakala iko wapi, na uione. Uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani, na kamisheni inahesabiwa kwenye nini na inalipwa lini: mwajiri akisaini, akilipa, au muda wa dhamana ukiisha? Ukiondoka kabla ya dhamana kuisha, kamisheni zako zinabaki kwa nani? Nani analipia simu na nauli za kwenda kwa wateja? Waombaji wanatozwa chochote? Hili liulize kama la kawaida tu, kisha mtazame usoni anayejibu. Na uliza ofisa wa mwisho aliyekaa kwenye kiti hicho alidumu muda gani. Ukiambiwa wewe ni wa tatu mwaka huu, umeshajibiwa.

Omba mkataba wa maandishi. Ukiwa na shaka na wakala yeyote, ofisi ya kazi ya mkoa ndiyo ya kuulizia, na kwa mgogoro wa ubaguzi au mshahara ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mama wa Buhongwa nilimpigia simu jana kumweleza kwamba makala iko tayari, nikamsomea baadhi ya sehemu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kijana wake anaendelea vizuri, anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, amepata mtu wake wa kwanza, dereva wa lori. Ila ana malalamiko. Alimwomba amwingize mdogo wake kwenye nafasi ya utunza stoo aliyoiona kwenye simu yake, kijana akamjibu kwamba mdogo wake atume wasifu kama wengine.

"Mimi mama yake, mwanangu. Kama wengine!"

Nikamuuliza kama mdogo mtu ametuma.

"Ametuma jana usiku," akasema. "Nimekasirika, lakini ametuma."